Msivifunge vyuo vya migombani, wapeni wanafunzi kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Arusha aliyeandika hivi karibuni kwamba vyuo vidogo vya vijijini vifungwe, majengo yakabidhiwe VETA, na wazazi tuache kupeleka watoto wakasome alichokiita "digrii mchanganyiko porini", yaani kusoma vitu vingi bila kujua chochote. Hasira yake naielewa. Alisema mwanawe amemaliza, huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani, na cheti kimelala kwenye bahasha ya kaki. Huku Moshi vijana wa namna hiyo tunao wengi, na baadhi yao ndio wanaonibeba kwa bodaboda nikienda sokoni Kiborloni. Ila nadhani ndugu yangu huyo amempiga asiyehusika.

Nijitambulishe, asije akaniona mama wa kupayuka tu. Nimestaafu uhasibu katika chuo kimoja kidogo, upande huo huo wa Arusha anakoishi yeye, ndani kabisa, kwenye migomba na kahawa. Jina la chuo naliacha. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa dirisha la ada. Mwalimu anamwona mwanafunzi akiwa na kalamu mkononi. Mimi nilimwona akiwa na risiti ya benki ambayo kiasi chake hakifiki, na kwenye dirisha lile mtu hajui kujikweza.

Wiki ya kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, foleni ilianza asubuhi na mapema, ikapita maktaba, ikafika kwenye bomba la maji. "Mama, boom la mkopo halijaingia." "Mama, mzee anavuna vitunguu mwezi ujao." "Shikamoo mama, mimi ni yule wa jana." Asiyemaliza ada hapati kadi ya mtihani, na asiyekuwa na kadi haingii chumbani. Akikosa mtihani kwa ajili ya ada, watu kijijini watasema amekamatwa, yaani amefeli, watamweka kundi moja na waliopata sapu, mitihani ya marudio, kwa uzembe. Wako waliodisko, yaani walioondolewa chuoni, kichwa kikiwa kizima kabisa.

Sasa sikiliza jambo lililokuwa linaninyima usingizi. Asubuhi nilikuwa naandaa hati ya malipo ya kampuni ya usafi kutoka mjini: kufyeka nyasi, kuosha madirisha, kumwagilia maua ya mbele ya jengo la utawala. Mchana, kwa kalamu ile ile, namrudisha kijana wa mwaka wa pili anayedaiwa laki mbili na nusu. Kijana mwenyewe ametoka Karatu, amekua akilima, ukimpa fyekeo anamaliza uwanja ule kabla jua halijawa kali. Kabichi za bwalo tulinunua sokoni Kilombero, zikaja kwa kirikuu, huku eka za chuo zimelala nyuma ya bweni zimejaa magugu. Maktaba ilifungwa saa kumi na moja jioni kwa sababu mkutubi alikuwa mmoja na ana watoto wa kupikia. Ukimuuliza mwanafunzi kwa nini anasomea desa la kudurufu badala ya kitabu, jibu lilikuwa kwenye kufuli ya maktaba.

Niliwahi kulisema kwenye kikao. Nikasema wanafunzi wanaodaiwa wapewe kazi, saa zao ziandikwe, zikatwe kwenye deni. Mkubwa mmoja akanijibu kwamba wanafunzi si vibarua na kwamba chuo kina hadhi yake. Wengine wakacheka kidogo, ajenda ikasogea kwenye mahafali na rangi ya majoho.

Nayasema haya nikikipenda chuo kile. Msomaji wetu anaandika kana kwamba maisha ya chuo cha kijijini ni adhabu tupu. Masika matope yapo, sikatai. Kutoka barabara kuu hadi getini mwanafunzi anavua viatu, anavitia kwenye mfuko, anaingia darasani na miguu ameinawa kwenye ndoo. Juni na Julai baridi inawatoa watoto wa Dar machozi. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia testi, geto zima linahamia kwa yule mwenye taa ya sola. Lakini mama lishe wa pale getini alikuwa na daftari lake la madeni, na aliwajua wote kwa kombi, yaani michanganyiko ya masomo, walizosoma sekondari. Mwalimu wa historia aliishi nyumba za chuo, ukikosa vipindi viwili anakuja kukugongea. Msichana mmoja alipougua malaria ya kupoteza fahamu, aliyembeba mpaka kwenye gari alikuwa bibi mwenye nyumba aliyokuwa amepanga, tena bibi yule alikaa naye wodini mpaka ndugu zake walipofika kutoka Kahama. Kwenye chuo kikubwa cha mjini, ambako lekcha moja inajaza ukumbi na waliochelewa wanaandika wakiwa wamesimama dirishani, nani angejua kwamba mmoja hayupo?

Basi huo ndio upande wangu wa kwanza. Wa pili ni wa mzazi.

Kitindamimba wangu alisoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, akafaulu vizuri, na ukoo mzima ulishamwita daktari kabla hata majibu hayajatoka. Akaomba kimya kimya nafasi katika chuo kimoja Marekani kinachoitwa Berea, jimbo la Kentucky. Akapata. Tukadhani anakwenda jiji kubwa lenye maghorofa. Nilipoangalia ramani nikakuta ni mji mdogo ulioegemea vilima, kutoka jiji la Lexington ni mwendo kama wa Moshi hadi Usa River. Chuo chenyewe kina wanafunzi kama 1,500 hivi. Nikamuuliza baba yake, huyu mtoto tunamtoa Kibosho tunampeleka Kibosho ya Wazungu?

Tiketi, viza na nguo za baridi vilitumaliza. Nilikopa VICOBA, shangazi zake wakachanga. Ada ya masomo hatukuulizwa, maana chuo kile hakijatoza mwanafunzi yeyote ada ya masomo tangu mwaka 1892. Mimi mtu wa dirisha la ada nilisoma sentensi hiyo mara mbili, nikatafuta ni wapi wamemficha anayelipa. Nitaeleza nilichokikuta.

Kwanza niwape kituko cha nyumbani. Alipofika mwaka wa pili tulikuwa na kikao cha ukoo Kibosho, mjomba wake akauliza mbele ya watu, "Binti anasomea nini huko?" Nikajibu kwamba bado hajachagua. Mhariri, kimya kilichofuata ungeweza kukikata kwa panga. Mtu yuko mwaka wa pili chuo kikuu hajachagua! Mjomba akaniangalia kama mtu aliyemuuza mtoto.

Ndivyo vyuo vya aina ile vinavyokwenda. Ni vidogo, vingi viko vijijini, na mwanafunzi hasajiliwi moja kwa moja kwenye fani moja mpaka kufa. Mwanangu mwaka wa kwanza alisoma biolojia, akasoma historia ya Wamarekani weusi, akasoma somo la kuandika na kujenga hoja ambalo kila mgeni lazima alipitie, na muhula mmoja akajifunza kufuma nguo kwenye mtambo wa mkono. Mwisho wa mwaka wa pili ndipo unapotakiwa kusema: hili ndilo langu. Kwetu mtoto wa kidato cha tatu, ana miaka kumi na mitano, kifua hakijakomaa, anaambiwa achague sayansi au sanaa. Kidato cha tano anafungiwa kwenye kombi. Mwaka 2024 zimeongezwa tahasusi nyingi mpya, na ni jambo jema, lakini mlango wa kutokea bado ni ule ule. Akishaingia chuo kikuu, ukikosea njia ni kuanza upya, na Bodi ya Mikopo haina huruma ya kukulipia kujaribu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ndugu yangu wa Arusha. Anasema kusoma vitu vingi ni kutojua chochote. Nilimsikia binti yangu kwenye simu, saa nne usiku hapa, kule mchana. Alikuwa analia. Insha yake ya kwanza ilikuwa imerudi imejaa wino wa mwalimu kila pambizo. Nikamwambia avumilie, atasahihisha. Akasema, "Mama, hajasema nimekosea. Ameandika kila mahali, wewe unaonaje? Sasa mimi nina maoni gani juu ya mtu aliyekufa kabla bibi hajazaliwa?" Mtoto aliyepata daraja la kwanza kidato cha sita, hajawahi kuulizwa anaonaje. Mwalimu akamwita ofisini, wakakaa, wakaipitia sentensi kwa sentensi. Haikuwa mara moja. Darasa lina watu wachache, kwa hiyo ukikaa nyuma ukajikunyata unaonekana.

Muhula uliofuata alianza kubishana na mimi kwa adabu, jambo ambalo sijaamua kama ni hasara au faida.

Sasa kazi. Kila mwanafunzi pale Berea, bila kujali anasoma nini, anafanya kazi ya chuo si chini ya saa kumi kwa wiki. Analipwa kiasi kidogo, na malipo hayo humsaidia chakula, vitabu na mahitaji mengine. Wa kwangu alianzia bwalo, kukusanya sahani na kufuta meza. Wengine wanahudumia hoteli ya chuo inayoitwa Boone Tavern, ipo tangu mwaka 1909, mwanafunzi ndiye anayekupokea mapokezi na ndiye anayekuletea chai. Wengine wanafunga mafagio. Ndiyo, mafagio, kwa mabua ya aina ya mtama, na Wazungu wanayanunua kwa bei ambayo ningeitaja mngesema mama huyu ameanza kudanganya. Wengine wako maktaba, maabara, karakana ya seremala, ofisi ya uhasibu.

Kilichonifungua macho ni kwamba ile kazi inapewa alama. Kuna msimamizi, kuna tathmini, na mwanafunzi akimaliza anatoka na rekodi ya kazi kando ya matokeo ya masomo. Mwajiri akiuliza uzoefu, karatasi ipo. Tena chuo kinachukua wale ambao familia zao hazina uwezo, wengi wakitoka kwenye milima ya sehemu zile. Hakuna wa kumcheka mwenzake kwa ufagio.

Msomaji anaweza kusema haya tulishayajaribu, na ni kweli. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya sabini tuliila kwa jasho. Tulilima shamba la shule, tukachota maji ya walimu, tukabeba samadi kichwani. Lakini kumbuka tulivyolima. Aliyechelewa namba alipewa tuta. Aliyeongea kilugha alipewa kisiki. Mwenye akili aliachwa darasani afanye hesabu, mtukutu akapelekwa shambani. Mahindi yakivunwa hatukuona hesabu yake. Baada ya miaka saba ya hivyo, nani angetoka anapenda jembe? Mwalimu aliandika jambo jema sana, sisi tukaligeuza fimbo. Kizazi kilichochapwa kwa jembe ndicho leo kimekaa kwenye vikao vya vyuo kikisema wanafunzi si vibarua.

Nirudi kwenye lile swali la nani anayelipa, maana niliahidi. Chuo cha Berea hakiendeshwi kwa mafagio, wala kwa sahani alizofuta binti yangu. Kina akiba iliyowekezwa inayozidi dola bilioni moja. Mwaka 1920 bodi ya chuo iliamua kwamba fedha za wosia zinazokuja bila masharti zisiliwe, ziende kwenye akiba, na faida yake ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa masomo, pamoja na wafadhili na misaada ya serikali yao kwa wanafunzi maskini. Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba kesho asubuhi chuo cha Usa River au cha Kibosho kinaweza kufuta ada. Hakiwezi. Miaka mia moja ya kujinyima haikopwi benki. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho na kinawezekana.

Kuhusu hoja kwamba chuo cha porini hakitoi mtu, nitasema habari moja tu, kwa sababu mwanangu aliisoma mpaka akaihamishia mezani kwangu. Chuo kile kilianza mwaka 1855 kama shule ya chumba kimoja, mwanzilishi wake mchungaji John Fee, mpinga utumwa, katika jimbo ambalo kumiliki watu kulikuwa halali. Mwaka 1859 wenye nguvu walimfukuza yeye na wenzake. Vita vilipokwisha akarudi, wakakalisha weusi na weupe darasa moja, jambo ambalo kule kusini lilikuwa kama kutafuta kifo. Kauli mbiu yao imetoka Matendo ya Mitume, ile ya Mungu kufanya kila taifa la wanadamu katika mmoja. Mwaka 1903 akahitimu pale Carter G. Woodson, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, mwenyewe amewahi kuchimba makaa ya mawe. Mwaka 1912 akapata udaktari wa falsafa Harvard, na mwaka 1926 akaanzisha juma la historia ya watu weusi, ambalo leo Marekani nzima inaliadhimisha kwa mwezi mzima wa Februari. Mwaka mmoja baada ya yeye kuhitimu, 1904, jimbo lilitunga sheria ya kutenganisha rangi shuleni. Chuo kilikwenda nayo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, kikashindwa mwaka 1908, na weusi hawakurudi mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1950. Chuo cha porini hicho.

Maisha yenyewe kule si ya peponi. Januari binti yangu hutembea na nguo tatu. Likizo fupi bweni linabaki na wageni wachache wanaopikiana wali. Kila juma kuna kitabu cha kusoma na karatasi ya kuandika, kisha zamu ya kazi haimngoji mtu. Oktoba kuna siku ambayo madarasa yanafungwa, chuo kinatoka alfajiri kwenda kupanda vilima vinavyoitwa Pinnacles kuona jua likichomoza. Wanaiita Siku ya Mlima. Mtoto aliyeamka kila siku akiiona Kibo akanipigia anacheka hadi anakohoa. "Mama, hapa ni kama kupanda kwa babu kuchukua ndizi." Ila akasema profesa wake wa kemia alipanda naye, na njiani wakaongea habari za udongo.

Udongo ndio uliomnasa. Chuo kina shamba ambalo wanafunzi wanalifanyia kazi tangu mwaka 1871, lina ng'ombe, nguruwe na mboga, na mazao yanauzwa. Alihamishwa bwalo akapelekwa huko. Mwalimu mmoja akamtaka aandike jinsi kwao wanavyolima. Akaona aibu, akaandika nusu ukurasa. Mwalimu akamrudishia, anataka zaidi. Ndipo zilipoanza simu kwa bibi yake Kibosho: kwa nini mti wa mringaringa unaachwa katikati ya kahawa, kwa nini mgomba huu uko karibu na zizi na ule hauko, nani alikuwa na zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, isale, ule mmea wa mipaka, linapandwa wapi na kwa nini. Bibi alifurahi siku mbili za kwanza. Siku ya tatu akasema, "Mwambie huyo mwalimu wake aje mwenyewe, mimi bando la kupokea sina." Wakati huo huo mtoto akagundua kwamba kihamba cha Wachagga, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kile cha Shimbwe Juu, kilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mimi niliyezaliwa ndani ya kihamba nilizisikia habari hizo kutoka Kentucky.

Akachagua kilimo na maliasili.

Mhariri, nisingependa kuandika aliyoyasema mjomba wake. Kwa ufupi: tumeuza ng'ombe ili mtoto apande ndege akasomee jembe. Yeye mwenyewe mjomba aling'oa kahawa yake akapanda nyanya, nyanya zikaliwa na ugonjwa, sasa shamba limekaa. Mwezi uliopita alikuja kwangu kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama binti anaweza kuangalia picha za majani akamwambia ni nini. Picha zimetumwa kwa WhatsApp. Jibu limekuja na maswali tisa, na la kwanza lilikuwa, "Mjomba, wewe unaonaje?"

Sasa ombi langu, kwa vyuo vidogo vya Arusha na Kilimanjaro, ambavyo sivitaji, vinajijua. Najua mtaala unapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na siyo jambo la kubadili kwa barua ya gazetini. Lakini kumwachia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza achukue angalau somo moja nje ya idara yake, alichague mwenyewe, hilo likiandikwa vizuri sidhani kama linashindikana. Mtoto wa ualimu akaonje uhasibu. Wa sheria akakae darasa la historia. Walimu wa idara zote wanakunywa chai chumba kimoja, hapo udogo wa chuo ni mali.

Kubwa ni kazi. Nimepiga hesabu kwa mazoea yangu. Tuseme saa kumi kwa wiki, muhula wa wiki kumi na tano, ni saa mia moja na hamsini. Tuseme shilingi elfu mbili kwa saa. Ni laki tatu. Yule kijana wa Karatu angemaliza deni akabakiwa na elfu hamsini ya kumlipa mama lishe. Fedha hizo chuo kinazitoa hivi sasa, zinakwenda kwa kampuni ya mjini na kwa kirikuu cha kabichi.

Kuna pingamizi moja ambalo halinipi raha, na sitalikwepa. Wale akina mama wa kijijini wanaofagia kupitia kampuni, watakwenda wapi? Nimewaza, na ninaona wao ndio wawe wasimamizi. Mama aliyefanya usafi wa maabara miaka kumi anajua chupa ipi haishikwi kwa mkono mtupu. Huyo ndiye wa kumpa alama kijana anayeingia na simu sikioni. Alipwe kama msimamizi, akiwa mwajiriwa wa chuo, kampuni itoke katikati. Kama chuo hakiko tayari kwa hilo, basi kianzie pasipo na mtu wa kuondolewa: maktaba ifunguliwe mpaka saa nne usiku na wanafunzi wenyewe, na zile eka za nyuma ya bweni zilimwe.

Masharti yangu ni mawili, na hapa nazungumza kama mtu wa hesabu. Kazi isiwe adhabu kwa yeyote, aliyekosa nidhamu aadhibiwe kwa njia nyingine. Na kila saa iandikwe, isainiwe na pande zote mbili, mwanafunzi apate nakala yake, ili wiki ya UE asije akaambiwa dirishani kwamba kumbukumbu hazionekani. Najua mambo hayo yanavyopotea.

Ndugu yangu wa Arusha, mwanao mwenye bahasha ya kaki hakuharibiwa na migomba. Alikaa miaka mitatu mahali penye shamba, karakana, zahanati, ofisi na maktaba, na hakuna aliyemruhusu kugusa chochote. Kama chuo chake, au chuo chochote kidogo kati ya Moshi na Arusha, kitakuwa tayari kujaribu muhula mmoja tu, hata kwa wanafunzi ishirini wanaodaiwa, daftari la saa nitakuja kulifungua mimi mwenyewe na kuwafundisha wawili wa kuliendesha. Sihitaji posho. Nauli ya Haisi nitajilipia. Mhariri ana namba yangu.

Mhasibu mstaafu,
Kibosho, Moshi.